Bipu za Mnada wa Griftu

Kosa ninalolianika hapa ni la fundi anayempeleleza binadamu kabla ya kuukagua mtambo alioupanga kwa mikono yake mwenyewe. Kosa hilo lilikuwa langu.

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, Mkuu wa Mitambo alinisimamisha mbele ya swichi, makabati ya chuma yaliyonguruma katika chumba chenye baridi kuliko kwetu Nyeri. Swichi ndiyo inayounganisha simu: husoma nambari iliyopigwa, huichagulia njia, hushika chaneli iliyo wazi, na simu ikiisha huiachilia ili mwingine aitumie.

"Mtambo hauna ujanja," alisema. "Simu zikikwama, mtafute mtu."

Niliyameza maneno hayo bila kuyatafuna.

Baadaye nilihamishiwa Wajir, nikakabidhiwa pia mlingoti wa simu wa Griftu. Kila siku ya mnada wa mifugo simu za huko zilikwama asubuhi, kisha adhuhuri zikapona zenyewe. Kwangu huo ulikuwa mkono wa mtu. Mlinzi wa mlingoti, mzee mwenye ndevu za hina, ndiye aliyeshika ufunguo wa jenereta. Nikashuku kwamba anaizima ili auze dizeli. Nilichovya kijiti tangini. Nilichora alama ya chaki mlangoni nione kama utafunguliwa. Dizeli ilipokutwa kamili, nilishuku kwamba ameongeza maji. Hatimaye niliandika barua ya kumwachisha kazi. Ilisubiri sahihi ya Mkuu tu.

"Injinia, wewe nafukuza mimi bure," aliniambia. "Wallahi, mimi hapana zima kitu. Leo mnada. Kuja, ona na macho yako. Ukiona mimi mwizi, andika jina langu mara mbili. Lakini jina, unajua?"

Nilimfuata nikidhani ananitoa mlingotini ili mwenzake afiche ushahidi.

Mnadani, katikati ya ngamia, kila dalali alikuwa na simu mkononi, akibonyeza na kukata, kubonyeza na kukata. Hakuna aliyezungumza.

"Mbona hawaongei?"

"Kuongea ya nini?" Mzee alicheka. "Bipu moja, leta ngamia. Bipu mbili, bei imeanguka, kaa na mnyama wako. Nyinyi watu wa ofisi ndio napenda maneno mingi."

Bipu haijibiwi, lakini swichi huishikia chaneli tangu simu inapoanza kulia. Ikikatwa, chaneli hungoja muda uliopangwa ndipo iachiliwe. Muda huo niliurefusha mimi, kimyakimya, nikiamini nazuia mazungumzo yasikatike mawimbi yanapoyumba. Kila bipu ya kufumba na kufumbua ilifunga njia karibu dakika nzima, na mnada mzima ulikuwa ukibipu hadi ulipoisha adhuhuri.

Niliurudisha muda wa awali. Mnada uliofuata, simu zilipita. Nilimpigia Mkuu anirudishie barua.

"Kwa hiyo mtu hukumpata?"

"Nimempata, mheshimiwa. Ni mimi."

Sasa nimestaafu. Vijana, swichi zenu siku hizi ni programu ndani ya kompyuta, lakini anayezipanga ni mwanadamu yule yule. Shukuni; kazi yetu yataka shaka. Ila anzeni na mikono yenu. Barua ile ilitaja cheo tu, "mlinzi wa mlingoti", kwa kuwa katika miezi yote ya kumvizia sikuwahi kumuuliza anaitwa nani. Nilimuuliza siku niliyoichana mbele yake.

Abdille Guhad.