Mtaro Uliopinda Uani Kwetu

Uani kwetu Kariakoo, kati ya jiko na choo, palikuwa na mahali tusiporuhusiwa kukanyaga. Ndipo ulipochimbwa ufuo wa baba, lile shimo dogo la kupokea maji anayooshewa maiti. Wengine wakishafukia ndiyo basi. Mama alipazungushia matofali, na ole wako upapite na kandambili zako! Ungesemwa mpaka ukome.

Jirani yetu wa nyuma alikuwa Mchaga mwenye duka, mtaa mzima tukimwita Mangi. Alilala peke yake katika chumba nyuma ya duka. Mke na watoto walikuwa Moshi. Hakutaka kingine ila kuongeza vyumba viwili waje wakae naye. Ofisa wa ujenzi akaja, akatazama, akatikisa kichwa. Kiwanja kilikuwa bondeni, maji ya mvua ya mtaa yalituama pale, na ukuta mpya ungeyarudisha majumbani kwa watu. Bila mtaro, hakuna kibali. Na njia ya kufika mfereji wa barabarani ilikuwa moja tu, kupitia uani kwetu.

Mangi alikuja na balozi wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeshasikia. Hapa hapapiti maji ya mtu."

Basi, hakuongeza neno. Kwake yeye, mwenye macho angeona matofali akaelewa. Mangi aliona matofali tu. Akaondoka akiamini mama hawataki Wachaga, na mimi, msichana mkubwa wakati ule, nikaona haya mpaka nikashindwa kwenda dukani kwake kununua hata kiberiti.

Masika ikaingia. Mke wa Mangi alikuwa amechoka kungoja. Akaja hivyo hivyo na kitoto mgongoni. Adhuhuri moja mvua ilimwagika, tukasikia mtoto analia ng'ambo ya ua. Mama akachungulia. Yule dada alikuwa amekaa juu ya kreti za soda, maji yamejaa chumba kizima, godoro linaelea.

"Yallah! Mtoto wa watu!" Mama alikwenda mwenyewe, khanga kichwani, akawaleta kwetu na kuwaweka kitandani kwake. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote.

Mvua ilipokatika, Mangi alikuja kushukuru. Mama akamshika mkono hadi kwenye matofali.

"Mangi, nisikilize. Hapa ndipo alipooshewa mume wangu. Maji yake ya mwisho yako hapa. Sasa nitapitishaje juu yake uchafu wa mtaa mzima?"

Mangi akavua kofia. "Mama, mbona hukuniambia? Sisi wazee wetu tunawazika migombani, pale pale nyumbani, na mifereji ya mashamba inawakwepa. Mtaro nitaupindisha."

Mama akalia, halafu akamgombeza kwa kumliza.

Akaupindisha kweli, akausakafia. Ofisa alinung'unika kwamba mtaro gani huu wenye kiwiko, lakini maji yalipomwagwa kwa ndoo yakafika barabarani, akatoa kibali. Vyumba vikajengwa, na watoto waliobaki Moshi wakaja. Walimwita mama bibi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kukanyaga matofali.

Miaka ilipita, mama akafariki, tena masika. Ufuo wake tuliuchimba kando ya ule wa baba, tukazungushia mashuka na kufunga turubai juu. Nje mvua ilikuwa inapiga vibaya, nikaogopa maji yatatuingilia wakati tunamwosha. Hayakuja. Nilipotoka kuchota maji mengine nikamkuta Mangi kwenye kile kiwiko cha mtaro, amelowa chapachapa, anavuta taka kwa jembe ili maji yasifurike. Hakuna aliyemtuma.

"Ingia ndani, kaka, utaugua," nikamwambia.

Hakuinua hata uso. "Acha kwanza mama amalize kuoga."