Barafu Isiyotoa Maji

Mume wangu Odeke ni mbishi, na anayesema hivyo ni mimi niliyeolewa naye miaka ishirini na sita. Ni wakala wa forodha hapa Busia, lakini kabla ya karatasi na mihuri alikuwa mtu wa samaki, na samaki hawajamtoka kichwani. Sanduku lolote la barafu likivuka mpaka, kwanza anainama kutazama chini yake. Kuna maji? Barafu inayeyuka, ongeza haraka. Hakuna maji? Nenda ukanywe chai. Hata mimi ninayeuza samaki ndivyo alivyonifundisha, na samaki wangu hawajawahi kuoza.

Sasa, Aanyu, mtoto wa marehemu dada yake, anafanya utafiti kwenye maabara huko Tororo. Anachunguza mbu wanajuaje saa ya kuuma watu. Alinieleza jikoni kwangu akimenya viazi: mwilini mwa mbu kuna protini inayomwezesha kutambua mchana na usiku. Wataalamu huchukua maelekezo ya kuiunda, huyapandikiza ndani ya bakteria, na bakteria huitengeneza kwa wingi. Nikamwambia, "Wee! Basi protini ya mbu wa kwangu haijakosea hata siku moja." Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Protini hiyo aliiagiza ng'ambo, vichupa kumi na viwili, vidogo kama kidole cha mtoto. Muda wake wa utafiti ulikuwa unaisha. Ikiharibika, miaka miwili ya kazi imekwenda bure. Kazi ya kuivusha akampa mjomba wake, maana ndiye aliyemlea.

Sanduku likafika Jumatatu, karatasi moja haina saini ya aliyetuma. Likazuiwa stoo. Kila asubuhi Odeke anakwenda, anainama, anampigia Aanyu simu.

"Barafu ipo, mjomba?"

"Ipo kabisa! Hakuna hata tone la maji. Lala usingizi, mwanangu."

Alhamisi ruhusa ikatoka. Odeke akalibeba sanduku kwa mkono mmoja hadi kibandani kwangu, huku anajigamba kwenye simu. "Jepesi kama kikapu kitupu! Na kavu!"

Kelele iliyotoka kwenye ile simu niliisikia hata mimi niliyesimama upande wa pili wa meza. "Mjomba, barafu hiyo haitoi maji! Inageuka hewa, inaondoka! Fungua sasa hivi, ila usiishike, inaunguza!"

Tukafungua. Vilibaki vipande vitatu vyembamba kama sabuni ya mwisho bafuni. Mzoea punda hapandi farasi, jamani. Odeke akataka kuvishika kwa vidole, kama anavyopima barafu ya samaki. Nikampiga mkono. "Baba Otai, toka hapo!" Nikafungua friza yangu, nikamwaga sangara wote chini, nikaiweka baridi ya mwisho, vichupa vikaingia. Mteja wangu Ikwap akauliza samaki wamekosa nini.

Gari la maabara lilifika baada ya saa nzima. Aanyu hakufoka. Alipakata sanduku mapajani kama mtoto mgonjwa, akasema, "Asante, Mama Otai," akaondoka. Odeke alisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Afadhali angemtukana.

Kesho yake mbishi wangu akavaa koti la kanisani, akapanda boda hadi Tororo, akamtafuta mkubwa wa Aanyu. "Kosa ni langu," akamwambia. "Huyu mtoto aliniuliza kila siku, nami nilimjibu bila kufungua." Haki ya Mungu, siku hiyo nilimpenda upya.

Vichupa kumi vilikuwa vimekufa. Viwili vya katikati vilikuwa hai, vikatosha jaribio moja. Jaribio likakubali, na Aanyu akaongezewa mwaka.

Lakini Odeke aliona aibu kumpigia. Miezi miwili ikapita, simu ikilia anaitazama kwanza. Jumamosi moja ikaita akiwa kibandani kwangu, nikaipokea mimi na kumwekea sikioni kwa nguvu.

"Mjomba, sanduku lingine linakuja wiki ijayo. Utanipokelea?"

"Mimi tena? Mwanangu, tafuta mtu anayejua."

"Wewe ndiye unayejua. Mtu mpya ataanza kutafuta maji."

Akaketi juu ya kreti la samaki, mbele ya wateja wangu wote, akalia. Halafu akajipangusa kwa aproni yangu na kuniomba mizani ya samaki, ili sanduku hilo alipime uzito kila asubuhi.