Sahani ya Mchinjaji

Mdogo wangu alirudi Garsen na begi moja la nguo na jingine la karatasi. Alikuwa amesimamia tawi la duka la kuku na chipsi Mombasa kwa miaka miwili, na kwa jinsi alivyoshuka kwenye gari ungedhani yeye ndiye aliyebuni kuku. Aliingia hotelini kwangu, akanipa mkono huku macho yakiwa kwenye saa.

"Dada, yule mteja pale amesubiri dakika kumi na moja."

Yule mteja hakuwa anasubiri. Alikuwa amekaa. Ni dalali wa ng'ombe kutoka Minjila, na kwangu huja kukaa kwanza, kula baadaye. Nilijaribu kulieleza hilo, nikaambiwa kwamba huo ndio mtindo wa zamani unaoua biashara. Ningejua yaliyokuwa mbele, ningemfunga mdomo kwa aproni siku ile ile.

Niseme kwanza hoteli ile ni nini kwangu. Shamba letu la Golbanti lilichukuliwa na mto. Maji yalikuja, yakakaa wiki kadhaa, na yalipoondoka migomba iliondoka nayo. Tangu hapo karo ya watoto, dawa za mama, yote hutoka kwenye makarai mawili ya mafuta kando ya barabara ya kwenda Lamu. Abiria wa mabasi hununua, sikatai, lakini basi likishaondoka limeondoka. Wanaonilisha kila siku ni Waislamu wa hapa hapa, wafugaji na madalali na wenye maduka. Wakiacha kula kwangu mwezi mmoja, nafunga mlango, na sina pa kurudi ila kwenye matope.

Mimi ni Mkristo. Kwa hiyo kuku wangu huchinjwa na Mwislamu, mtu wa makamo ambaye alasiri hufundisha watoto madrasa, nasi sote humwita Maalim. Kila asubuhi alikuja, akachinja nyuma ya jiko, akanawa mikono, kisha akaja kukaa kwenye benchi la mbele linalotazama barabara. Pale nilimpa sahani ya kuku wa kwanza wa siku, na chipsi, na kachumbari. Hatukupatana hivyo. Ilianza tu ikazoeleka, na mimi nilijihesabu mwanamke mkarimu sana.

Mdogo wangu alianza na ukuta. Akabandika picha za kuku wanaong'aa kama viatu vya harusi, akapanga vyakula kwa namba, kuku na chipsi na soda kwa bei moja, akaviita kombo. Kisha akawafundisha wahudumu salamu mpya: "Karibu kuku moto, leo utachukua kombo gani?" Basi. Zaidi ya hapo ni kupoteza muda. Sasa huku kwetu mtu akifika huulizwa watu wake, kisha mifugo, kisha mvua, ndipo aulizwe tumbo linataka nini. Nilimwona mzee mmoja wa Kiorma, mtu wa heshima zake, akiuliza taratibu, "Watu hajambo? Mtoto hajambo?" na msichana wangu, roho mkononi kwa kuogopa saa ya bosi, akimjibu, "Namba mbili au namba tatu?" Nilitamani ardhi inimeze pamoja na zile namba.

Lakini hilo watu walilicheka tu. Hata waliniita mimi Namba Mbili. Kilichoniumiza ni karatasi.

"Dada, hapa ndipo biashara inavuja," mdogo wangu aliniambia, akionyesha benchi la mbele. "Mfanyakazi anakula kwenye kiti cha mteja. Saa za kazi. Bure. Kule Mombasa huyo angefutwa."

Nilimwambia Maalim si mfanyakazi wa namna hiyo. Akaniuliza ni wa namna gani, basi. Mafuta yalikuwa yanaungua, na nilikuwa nimechoka na sauti yake tangu alfajiri. Akaandika: "Wafanyakazi hawali kwenye viti vya wateja. Hakuna sahani ya bure." Nikatia sahihi ili aninyamazie. Akaibandika jikoni.

Maalim aliisoma, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kesho yake alikuja kama kawaida, akachinja, akanawa mikono, akavuka barabara. Akaketi kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na mlango wangu, akaagiza chapati na maharagwe. Na kesho kutwa vile vile. Nilimwona kila siku. Nilimpungia hata mkono.

Wiki ya pili madalali walianza kuagiza chai peke yake. Wiki ya tatu chai pia wakaifuata ng'ambo. Mdogo wangu hakushtuka. Alisema soko limebadilika, akakodi kipaza sauti. Siku nzima kikawa kinapayuka: nunua kuku mmoja, pata mwingine bure. Watu walipita wakigeuza nyuso. Nilipomwambia kwamba kelele zile zinafukuza hata inzi, alinieleza habari za brandi, yaani jina la biashara, mpaka kichwa kikaniuma.

Aliyenifungua macho ni mama wa Kiorma anayeniuzia maziwa. Alishusha dumu lake, akanitazama kwa huruma iliyoniudhi.

"Mama, hiyo kuku yako iko na nini?"

"Haina kitu! Ni kuku ile ile!"

"Maalim anachinja, yeye hapana kula. Anaenda kula maharagwe. Watu wanaona. Sasa wewe unapeana bure." Akafunika dumu. "Kuku mzuri nani anapeana bure?"

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Hasira ilinipanda, kwanza kwa mdogo wangu, kisha kwa mji mzima ulionyamaza, kisha ikafika pale ilipostahili ikakaa. Sahihi ile ni yangu. Nilibandua karatasi nikaitia motoni, nikamwambia mdogo wangu azime kipaza sauti kabla sijakitumbukiza kwenye karai. Nadhani uso wangu ulimtisha, maana alizima bila kunieleza lolote.

Asubuhi iliyofuata Maalim alipomaliza kunawa nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani.

"Maalim, karibu benchi lako."

Hakuipokea. "Karatasi inakataa."

"Nimeichoma. Mbona hukuniambia? Umeona watu wanaondoka, ukanyamaza!"

"Uliandika wewe, Mama. Mimi nitasema nini? Niombe chakula?"

Alitazama ng'ambo, kwenye kibanda cha chai, ambako madalali walikuwa wameacha kuzungumza wanatutazama. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote:

"Hii sahani, ni ya mimi ama ni ya barabara?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na maneno matamu tayari, ya udugu na ya miaka tuliyokaa pamoja. Lakini yule mtu alikuwa amenichinjia kuku miaka yote ile, na sikujua hata ana watoto wangapi.

"Ni ya barabara, Maalim. Nisamehe."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na mdogo wangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Kisha akaketi kwenye benchi, akaivuta sahani, akaitazama.

"Kama ni ya barabara," akasema, "nipe paja. Shingo haionekani mbali."

Nilitazama na mimi. Ilikuwa shingo. Ilikuwa shingo kila asubuhi, miaka yote, na hakuwahi kusema neno, na mimi nilikuwa nikilala nikijiita mkarimu. Nilimtuma mdogo wangu alete paja, tena mbio, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakutazama saa. Nikaichukua ile shingo, nikaketi kando ya Maalim, nikaila mwenyewe.