Bibi Wawili Kwenye Skrini Moja

Mashine yangu ya zamani ilikuwa na rangi mbili tu, nyeusi na kijani, na mimi nilikuwa malkia wake. Nilikaa mapokezi katika kliniki ndogo ya macho upande wa Kilifi, na kila mgonjwa alipita kwangu kabla hajaonana na mtu mwingine yeyote. Skrini ile haikuwa na picha. Ilikuwa na maandishi matupu kutoka juu hadi chini, na alama ndogo iliyopepesa ikingoja uiambie la kufanya. Ukitaka faili la mgonjwa unaandika amri, linakuja. Ukitaka la mwingine, la kwanza linaondoka. Amri zote nilizihifadhi kichwani, na vidole vyangu vilikimbia kwenye kibodi hata watu waliokuwa kwenye benchi wakanyanyua shingo kutazama.

Nilijivuna, sitaficha. Mume wangu alinitania kwamba hata nikichambua mchele vidole vyangu vinaandika amri. Nilimjibu kwamba kila mtu na kipaji chake, yeye achambue basi tuone.

Katika enzi hizo za umalkia wangu alikuja bibi mmoja kutoka Tezo, akishikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa zamani kwa kuchomwa na mwiba shambani. La kushoto, ambalo ndilo pekee lililobaki, lilikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaokua taratibu mpaka mtu haoni ila mwanga. Wauguzi wetu walikuwa wameshampima kijijini kwao, wakamwambia aje kliniki kuandikishwa kwa upasuaji. Daktari wa upasuaji tulikuwa tukimpata mara moja kila miezi mitatu, na asiyekuwa kwenye orodha ya mashine hakuingia.

Nikaandika jina lake. Faili likaja.

"Bibi," nikamwambia, "hapa naona jicho la kushoto umeshafanyiwa."

"Nimefanyiwa lini, mwanangu?"

"Mwaka jana."

"Nimefanyiwa, na mino mwenyewe sikuwapo?" akasema, kwa ile "mino" ya Kigiriama badala ya mimi.

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti. Nilimweleza kwa upole, upole ule wa mtu anayejua yeye ndiye mwenye haki, kwamba wazee wengine husahau, na kwamba baada ya upasuaji ukungu huweza kubaki kidogo. Nikamwandikia karatasi ya dawa ya matone. Alirudi mara ya pili baada ya miezi kadhaa, nikamwambia yale yale, na safari hiyo hakubishana. Baada ya hapo hakuja tena, na mimi sikumfikiria.

Ndipo tukaletewa mashine mpya. Zilikuja na skrini pana, rangi chungu nzima, kipanya cha kushika mkononi, na yale wanayoyaita madirisha: kila kazi inafunguka ndani ya kisanduku chake, na unaweza kufungua visanduku vingi kwa pamoja. Pamoja nazo alikuja msichana wa kutufundisha, mzaliwa wa bara, mchangamfu, ambaye Kiswahili chake kilinikuna masikio.

"Mama, kuja uone," akaniambia siku ya kwanza.

"Kwetu mtu huambiwa njoo."

"Haya, njoo uone, Mama."

Nikaenda nikaona, nikanuna. Nilisema ni michezo ya watoto. Niliuliza, mbele ya wauguzi wote, kama kuna mgonjwa yeyote aliyewahi kupata kuona kwa sababu karani wake alikuwa na kipanya. Walicheka, na nikahisi nimeshinda.

Wiki ya kwanza nilidhalilika vya kutosha. Nilikisukuma kipanya mpaka kikaanguka mezani. Nilikinyanyua juu hewani nikidhani ndivyo kinavyopanda juu ya skrini. Siku moja nilifungua dirisha jipya, na lile nililokuwa nikiandikia tangu asubuhi likatoweka. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika daraja la Kilifi. Msichana wa bara akaja mbio, akabonyeza mara moja, na kazi yangu ikarudi yote ilivyokuwa.

"Haijapotea, Mama. Imefunikwa tu. Ni kama karatasi juu ya meza, moja imelalia nyingine."

Nikavuta kiti, nikaendelea kuandika.

Kazi kubwa iliyotungoja ilikuwa kuhamisha mafaili yote kutoka mashine ya zamani kwenda mpya, moja moja, pamoja na yale yaliyofungwa. Msichana alinipangia kitu ambacho sikutegemea. Aliifanya mashine yangu ya zamani ifunguke ndani ya dirisha, maandishi yake ya kijani kwenye weusi wake ule ule, upande wa kushoto. Upande wa kulia akafungua fomu mpya. Nilipoona kijani changu pale nilifurahi kama niliyekutana na shoga yangu wa utotoni sokoni.

Hata hivyo nilianza kwa mtindo wangu wa zamani, yaani kalamu na daftari. Nasoma faili, nanakili jina, kijiji, jicho gani, lini, kisha nageukia fomu na kuandika kutoka daftarini. Nilikuwa nimefanya hivyo kila mara nilipohitaji kulinganisha mambo mawili, kwa sababu mashine ya zamani haikukuonyesha mawili. Ilikupa moja, nawe la pili ulibebe kichwani. Msichana akalichukua daftari langu akalikalia.

"Angalia kushoto, andika kulia," akasema.

Nikaangalia kushoto, nikaandika kulia. Adhana ya adhuhuri iliponikuta nilikuwa nimemaliza rundo ambalo nilijua lingenichukua siku tatu, na shingo haikuniuma. Nilikwenda kuswali nikiwa na furaha ya siri, furaha ya mtu ambaye hataki kuulizwa. Niliporudi nikamwambia asimame anipe daftari langu. Alinipa, nami nikalitia ndani ya mkoba bila kulifungua, na sote wawili tukajifanya hatujaona.

Baada ya hapo nikawa siambiliki. Nilifungua madirisha matatu, manne. Daktari wa zamu akiuliza dawa ya mgonjwa huku muuguzi akiuliza umri wa mwingine, niliwajibu wote wawili bila kufunga chochote. Barua ya rufaa naiandika hapa, faili liko pale, orodha ya upasuaji iko chini kwenye kona. Zamani ningewaambia wapange foleni. Nilianza kuwahi kwenda nyumbani, na nyumbani hawakujua wanifanyie nini.

Asubuhi moja, katika yale mafaili yaliyofungwa, likaja faili la yule bibi wa Tezo. Nilishangaa kwa sababu faili lake nilikuwa nimeshalihamisha juzi yake. Basi nikaliita lile la juzi nalo, nikayaweka mawili ubavu kwa ubavu. Jina moja. Kijiji kimoja. Tarehe ya kuzaliwa moja, maana wazee wengi wa rika lile, kwa kuwa hakuna aliyeandika, wote wamezaliwa siku ya kwanza ya mwaka. Jicho la kushoto, mtoto wa jicho, yote mawili.

Macho yangu yakawa yanakwenda kushoto na kulia, kama nilivyofundishwa, na yakasimama kwenye mstari mmoja. Faili la kulia lilisema kwamba siku fulani bibi alikuwa amelazwa kwetu Kilifi, amefungwa bandeji baada ya upasuaji. Faili la kushoto lilisema kwamba siku hiyo hiyo bibi alikuwa akipimwa macho kijijini Tezo, na jicho lake la kulia limekufa kabisa, lilichomwa na mwiba. Nikatazama tena upande wa pili. Jicho la kulia: linaona vizuri.

Bibi mmoja hawezi kuwa amelala Kilifi na kusimama Tezo kwa wakati mmoja.

Mimi ndiye niliyelifunga lile faili la kushoto. Nilikumbuka kabisa. Majina ya kijijini yalikuja kwenye karatasi, mashine ikaniambia jina hilo lipo, nikaliita la kwanza, nikalisoma, likaondoka, nikaliita la pili, nikasema ah, ni yule yule, amepoteza kadi akaandikishwa upya. Nikafunga, nikajisifu kwamba nimesafisha. Na mimi ni mtu wa pwani! Nimezaliwa Malindi, nimesoma na Wagiriama, najua tangu utoto kwamba binti hupewa jina la bibi yake mzaa baba. Ndugu wawili wa kiume wakizaa mabinti, mabinti wote wawili wanalibeba jina la yule yule mama wa ndugu hao, na jina la pili ni la babu yule yule. Kila boma lina majina yanayojirudia namna hiyo, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu watu wenyewe wanaonana. Mimi nilikuwa nimewaona mmoja baada ya mwingine, kamwe si pamoja.

Nilimwita msichana wa bara. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akaniletea maji.

Hatukuwa na nambari ya simu ya bibi. Nilipanda bodaboda mwenyewe siku ile ile hadi Tezo. Nilimkuta amekaa uani kwenye kibao akimenya mihogo kwa kupapasa, kisu kikipita karibu mno na kidole gumba. Nikachutama mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti hii naijua. Wewe ndiwe wa mashine."

"Ndimi. Bibi, nimekuja kuomba radhi. Hukufanyiwa upasuaji. Aliyefanyiwa ni mwenzio, bila shaka binti wa ndugu ya baba yako, mnaitwa jina moja. Kosa si lako wala si la mashine, ni langu."

Aliweka kisu chini. Nilidhani atauliza kuhusu jicho lake. Hakuuliza.

"Kwa hiyo mino sikuwa nasema uongo?"

"Hukusema uongo hata kidogo."

"Hapa nyumbani wanasema najifanya. Wanasema hospitali imeshanitibu, ila nimezoea kushikwa mkono na kupakuliwa chakula. Hata mwanangu mwenyewe amesema."

Hilo sikuwahi kulifikiria, hata mara moja. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye lakini alikuwa ameshainuka, amenishika bega kwa nguvu za mtu wa jembe, na anaita boma zima kwa majina, wakazamwana, wajukuu, mwanawe aliyekuwa nyuma ya nyumba akirekebisha paa la choo. Wote wakaja.

"Haya," akaniamuru, "sema tena. Sema kwa sauti."

Nikasema tena kwa sauti, nikiwa nimesimama katikati ya ua kama mtoto aliyeshikwa na mwalimu. Akanitaka nirudie pale pa kusema kosa ni langu, kwa sababu mwanawe hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri sana. Nilirudia. Boma lote likaangua kicheko, mwanawe akajikuna kichwa akamwomba mamake radhi, na nikapewa mihogo ya kuchemsha ambayo sikuruhusiwa kuikataa.

Daktari wa upasuaji alipokuja, jina la bibi lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Nililiandika mimi, na nililikagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji niliacha kaunta nikaenda wodini. Mjukuu alikuwapo, na yule mwenziwe wa jina moja pia alikuwapo, amekuja na leso mpya begani. Muuguzi akaivua bandeji taratibu. Bibi akapepesa jicho mara kadhaa, chozi likamtoka, akageuka kumwelekea mwenziwe na kumkagua kutoka juu hadi chini.

"Wewe nawe! Umezeeka hivi lini?"

"Siku ile ile uliyozeeka wewe."

Wakashikana mikono wakacheka mpaka daktari akawaomba wapunguze, jicho bado bichi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikilia kwa furaha. Aliniona. Akaniuliza kama mimi ndiye mwenye ile sauti, nikasema ndimi, akasema alinidhania mnene zaidi.

Kabla ya kuondoka alipita kaunta, safari hii akitembea peke yake, mjukuu nyuma yake akiwa hana mkono wa kushika. Alitaka kuonyeshwa mashine. Nikafungua faili lake, nikafungua na la mwenziwe, nikayaweka ubavu kwa ubavu kwenye skrini ile pana. Kusoma hajui. Aliinama, akaleta uso karibu na kioo, akatazama visanduku viwili kwa muda mrefu.

"Mino ni nani hapa?"

Nikamwonyesha la kushoto.

"Na huyu?"

"Huyu ni mwenzio."

Akaweka kidole juu ya faili lake, kidole cheusi cha utomvu wa mihogo, akakibakiza pale.

"Basi, mwanangu," akasema, "usinifunike tena."