Dereva wa Gari la Majitaka

Kila asubuhi Eliana, akianika perege wake, alimwona dereva yule akilirudisha nyuma gari la majitaka mpaka ukingoni mwa ziwa, ziwa lile lile ambalo wilaya mbili zinalaumiana juu yake tangu maji yaanze kunuka na watoto kuharisha. Dereva alikuwa na mikono mipana, kucha amezikata mpaka nyamani. Kabla ya kufungua koki alivua kofia, akayaelekea maji na kusema kwa upole, kama mgeni mlangoni, "Hodi." Akasubiri kidogo, ndipo akamwaga. Eliana alikuwa akimcheka kimoyomoyo.

Siku moja madiwani wa pande zote mbili walikutana pale ufukoni. "Uchafu unatoka kwenu!" "Kwetu wapi? Upepo ndio unautoa kwenu!" Katikati ya kelele hizo gari likafika, na diwani wa upande lilikotoka akageuza uso. Dereva akawaamkia, "Shikamooni, waheshimiwa," akavua kofia. "Hodi."

"Karibu," ikaitika sauti ya mwanamke kutoka majini, taratibu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Ziwani hapakuwa na mtu wala mtumbwi. Samaki wakamponyoka Eliana mikononi. Diwani mmoja akanong'ona, "Huyo ni wa upande gani?"

Dereva alikuwa ameshaanza kulikunja bomba.

"Mimi simwagi tena, mheshimiwa," akasema. "Kumbe humu ndani kuna mtu."