Mjane Aliyegoma Kupanda Basi

Nasema mapema ili asiyependa aache kusoma: wale watu wa kampuni ya tamthilia sijawasamehe, na sina mpango huo.

Tamthilia yao ilimhusu mjane anayepigania shamba la mpunga na shemeji zake. Wanawake wa kwetu Maparoni waliifuata kwenye simu tangu mwanzo, simu moja imezungukwa na vichwa, mtandao ukikatika wanasubiri bila kubanduka. Kisha ikaisha ovyo. Mjane alifunga mzigo, akapanda basi la Dar es Salaam, akawaachia shemeji zake shamba likiwa limeshatoa masuke. Mama yangu, aliyelima mpunga maisha yake yote, alikasirika utadhani ameporwa yeye. Alisema hakuna mwanamke mwenye akili zake anayeondoka wakati wa kuamia, ndege wanapofukuzwa wasimalize mpunga. Aliyeandika yale, akasema, mpunga anaujua ukishafika sahanini.

Mimi napiga video za harusi pale Kibiti. Kamera ninayo, na hasira nimerithi. Nikamwambia mama tutengeneze mwisho wetu: mjane akatae basi, arudi shambani, apande juu ya dungu lake, lile jukwaa la miti la kuamia, na kwa kombeo moja afukuze ndege na shemeji. Mama alikubali kuwa mjane kabla sijamaliza kuomba. Ujane alikuwa nao tayari.

Sikutaka ugomvi, kwa hiyo nilitafuta kwanza kama wenye tamthilia wanaruhusu mashabiki kutengeneza filamu. Wanaruhusu, kwa ukarimu wa mtu anayekukaribisha kwake halafu anakuonyesha mkeka usiopaswa kuukalia. Filamu ya shabiki isizidi robo saa. Jina la tamthilia lisitajwe, lakini paandikwe kwamba filamu hii si ya hao ambao hawatajwi. Nguo zikifanana na za mjane wao, zinunuliwe dukani kwao. Hapo mama alicheka mpaka akakaa chini, maana mjane wao alivalishwa kitenge ambacho kwetu kila mwanamke anacho cha kulimia. Akaamua kuvaa shati kuukuu la marehemu baba. Mwisho kabisa waliandika kwamba kiingilio kisitozwe na mtengenezaji asipokee chochote kutoka kwa watazamaji.

Nilitii yote. Nilikata nusu ya filamu, pamoja na majibizano ya mama na shemeji ambayo yalikuwa bora kuliko lolote walilowahi kuonyesha wao. Yaliniuma, lakini nilikata.

Tukaionyesha kijijini Ijumaa baada ya swala, kwenye banda la video, bure. Mama alikaa mbele. Pale alipoonekana juu ya dungu akiimba na kuzungusha kombeo, wanawake walishindwa kutulia. Kwetu mtu akikufurahisha hupigi makofi ukaenda zako. Unainuka, unamtuza mbele za watu. Mmoja akampakatisha mama kuku, mwingine akamwekea ungo wa mchele miguuni. Halafu akainuka mama mdogo.

Huyu alikuwa mke mwenzie mama. Tangu baba afariki na shamba ligawanywe walikuwa hawasemeshani, na wakikutana kisimani mmoja hugeuza njia. Watu walipomwona anasogea mbele walidhani kuna shari. Yeye alivua kanga aliyojitanda, akamfunika nayo mama mabegani. Mama alimshika mkono, hakuuachia mpaka filamu ikaisha. Banda zima lilipasuka kwa vigelegele, na mimi niliyezoea machozi ya harusini, yale yanayopangwa pamoja na keki, nililia kweli.

Wifi yangu alirekodi tukio hilo kwa simu, akalirusha mtandaoni chini ya filamu yetu, ambayo nilikwisha kuiweka huko. Hakuwa na nia mbaya. Nani kwetu angemtazama yule kuku akaona biashara?

Kampuni iliona. Alinipigia dada mmoja mwenye sauti laini, akaniambia nimepokea mali kutoka kwa watazamaji. Nikamweleza tunza ni nini, kwamba hatukuiomba, na kwamba kuikataa ni kumtukana aliyeitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, nami nikadhani ameelewa.

"Dada, kanuni haisemi tunza," akasema. "Inasema chochote."

Akanipa sharti. Kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe, nirekodi kikirudishwa, niwatumie video. La sivyo filamu iondolewe na nisiionyeshe tena popote. Nikamuuliza kuku aliyekwisha kuliwa anarudishwa vipi. Akasema hilo ataliuliza. Sijui alimuuliza nani.

Nilikwenda Nyamisati nikapanda boti ya kwenda kwetu Maparoni, nikisaga meno njia nzima. Filamu ile nilikuwa naitaka. Katika kazi zangu zote ni hiyo tu ambayo hakuna bwana harusi aliyeniamuru nimpige kutokea upande gani, na ni hiyo tu yenye mama. Nilimkuta uani anapepeta mchele, mama mdogo kando yake anachambua chuya, wamo kwenye umbea wa mtu ambaye simtaji. Niliwaambia yaliyotokea. Wifi, aliyekuwepo, alipata dawa upesi: turekodi mama akimrudishia mama mdogo kanga, tuwatumie hao watu, kisha ampe tena. Mara moja tu, kwa ajili ya kamera. Nikaona ana akili, na kamera nikaitoa.

Mama mdogo aliacha kuchambua. Hakumtazama mama, alitazama mchele. Kwetu tunza hairudishwi mpaka umeamua kumkata mtu undugu, na ukishairudisha mmekatana. Wawili hawa walishaishi wamekatana, wanajua kulivyo.

"Hebu weka hiyo kamera, mwanangu," mama akasema. "Ya kuigiza tushaigiza. Hili hatukuigiza."

Nilibisha. Nilimwambia filamu itapotea, watu wanaipenda, na kampuni haitajua kilichofuata. Sauti yangu ilipanda mbele ya wazee wangu, jambo ambalo silifanyi. Mama aliniacha niseme nimalize, kisha akaniambia nifute mwenyewe, wasije kumfutia watu wa mbali. Nikafuta palepale, nikiwa nimesimama. Nakala ninayo, naitazama peke yangu kama mwizi.

Jioni yule dada wa sauti laini akaniandikia kunishukuru kwa kuheshimu kanuni zao. Nikamjibu kwamba wao sijawatii, nimemtii mama, na kwamba kanga haijarudi kwa mwenyewe wala haitarudi.