Namba Moja, Mashine Mbili

Pikipiki ilipomaliza mlima, Fundi aliliona bwawa, na hakulipenda. Maji yalikuwa mazito, rangi ya udongo, tena juu mno kwa mahali ambapo ofisi ya mjini ilitangaza kila siku kuwa ni shwari.

Mpima maji alimpokea mlangoni na mwavuli uliovunjika mbavu. Ndiye aliyeomba fundi, maana kompyuta yake ilikuwa ikikatika mtandao ovyo.

"Karibu, dada. Nilidhani watamleta tena shemeji yako, Fasta."

"Safari hii wamemleta Taratibu. Ndivyo wanavyonitania kwetu."

"Jina la konokono hilo!"

"Konokono hajawahi kuharibu kompyuta."

Mpima maji alicheka, lakini macho yake yalikuwa dirishani. Bondeni, chini ya ukuta wa bwawa, dada yake Fundi aliishi na Fasta na watoto wao. Simu haikushika mtandao huku juu. Njia pekee ya kupeleka vipimo mjini ilikuwa waya wa mashine hii kongwe, iliyogeuka njano kama jino la mvuta sigara.

Fundi aliizima, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaikandamiza kadi ya mtandao mpaka ikakaa sawasawa. Kisha akaweka programu ya kuitambulisha kadi, akaiwasha mashine upya, ndipo akaweka ile ya mtandao.

"Ukiruka hatua," alisema, "inakuitikia ndiyo, kumbe haijakusikia."

Ilipowaka, ikatoa onyo: namba ya mashine hii mtandaoni inatumiwa na mashine nyingine.

Fundi akamgeukia mpima maji. "Kaka, Fasta aliifungaje hii?"

"Alikuja na diski tayari. Alinakili kila kitu kutoka kompyuta ya majaribio ya ofisini, kupunguza kazi. Aliondoka chai haijapoa."

Alinakili kila kitu, na namba pia. Ile ya majaribio ilikuwa bado stoo mjini, haijazimwa, ikitoa vipimo vya mfano visivyobadilika. Ofisi ilipouliza hali ya bwawa, stoo ndiyo iliyojibu.

"Kwa hiyo vipimo vyangu vya mvua yote hii..."

"Hawajavisoma."

Fundi aliipa mashine namba yake yenyewe, akatuma kipimo cha kweli. Kioo kikaandika: Imepokelewa.

"Afadhali," mpima maji akashusha pumzi.

"Imepokelewa na mashine. Nani yuko ofisini?"

"Leo Jumapili, dada."

Fundi alikuwa keshavaa kofia ya pikipiki. "Endelea kutuma. Usiizime, hata iweje. Nashuka kwa dada."

"Barabara inapita chini ya ukuta!"

"Najua inakopita."

Mlio wa pikipiki ulishuka na mvua, kisha ukapotea. Mpima maji alituma tena. Imepokelewa. Akaenda dirishani kusoma kipimo kipya, akafuta ukungu kwa kiganja, akaitafuta nguzo yenye alama za kupimia kina majini. Hakuiona; maji yalikuwa yameifunika.